Sataranji Si Dawa ya Hesabu

"Mwalimu, mwanangu akiingia kwenye mashindano ya mafumbo ya sataranji, hesabu zake zitapanda?" Mzazi wa Mwanga anauliza, wa Gungu anauliza, na wa Ujiji anauliza kabla hatujamaliza kusalimiana. Jibu ni lile lile: hapana. Naliandika leo ili nisilirudie.

Imani hii imeota mizizi kwa sababu kila mtu anafaidi. Shule inapata sifa, mwenye tuisheni anapata cha kuuza kwa jina la "kunoa ubongo", mzazi anapata tumaini. Tatizo ni kwamba ilishapimwa, ikaanguka. Ripoti iliyotolewa Uingereza mwaka 2016 ilihusu shule za msingi 100. Katika nusu ya shule hizo, watoto wa miaka tisa na kumi walifundishwa sataranji saa moja kwa wiki, kwa wiki 30, ndani ya muda wa masomo. Mwaka mmoja baadaye wakapimwa hesabu pamoja na wenzao ambao hawakufundishwa. Faida iliyoonekana: sifuri.

Sababu yake si ngeni. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani, William Chase na Herbert Simon, waliwaonyesha bingwa na mwanagenzi ubao kwa sekunde tano tu. Kete zilipokaa kama katika mchezo halisi, bingwa alikumbuka nyingi kuliko mwenzake. Zilipotawanywa ovyo, ubingwa ukayeyuka, wakakaribia kulingana. Kumbe alichokuwa nacho ni hazina ya mipangilio ya sataranji, basi. Mafumbo yanajaza hazina hiyo hiyo: farasi anayetishia kete mbili kwa mpigo, mfalme aliyezibiwa njia na askari wake mwenyewe. Hakuna kati ya hayo linalomwonyesha mtoto namna ya kujumlisha sehemu. Fundi wa bao barazani anapiga hesabu ya kete mizunguko kadhaa mbele, na sijasikia mzazi aliyempeleka mwanawe kwake akajifunze aljebra.

Hapo nitatajiwa mabinti wa Polgár wa Hungaria. Ni kweli, mmoja wao, Judit, alipata cheo cha grandmasta mwaka 1991 akiwa na miaka 15. Alilelewa kwa sataranji tangu utotoni, akawa bingwa wa sataranji. Ajabu iko wapi? Nitatajiwa pia Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala. Sataranji ilimfikisha kwenye Olimpiadi ya mchezo huo, na baadaye akasoma chuo kikuu Marekani. Ilimfungulia mlango; mitihani aliifanya mwenyewe.

Basi mashindano ya nini? Ya sataranji. Ni mchezo wenye haki na raha, na kwa mtoto wa darasa la sita hadi kidato cha pili hiyo ni sababu tosha.

Mkitaka kuandaa, fanyeni hivi. Mafumbo pakueni bure kwenye mtandao wa Lichess, chapisheni. Siku yenyewe haihitaji umeme wala intaneti, kwa hiyo simu za watoto zikusanywe mlangoni. Anzeni na ya hatua moja na mbili. Mtoto aandike jibu zima, pamoja na namna mpinzani anavyoweza kujitetea. Mruhusuni kusogeza kete kwenye ubao wake, maana hata mashindano ya dunia ya kutatua mafumbo yanaruhusu. Pointi kwanza, muda utumike kutenganisha waliolingana tu, la sivyo mtazawadia wabahatishaji. Baada ya fumbo, wacheze mchezo kamili, kwa sababu fumbo linakuambia jibu lipo, mchezo haukuambii. Wakishazoea, kila Januari kuna shindano la kimataifa la kutatua mafumbo, hufanyika siku moja katika nchi nyingi, na lina kundi la walio chini ya miaka 13.

Na wewe mzazi, hesabu zikimshinda mwanao, mtafutie mwalimu wa hesabu.