Unanunua Pulsar au Apache ya mkononi Singida? Anza na breki, kelele baadaye

Kijana akishachoka na Boxer, macho yanahamia kwenye Pulsar au Apache ya mkononi. Nenda ukaione asubuhi, injini ikiwa ya baridi. Iguse kwa tahadhari: ukikuta tayari ina moto, muuzaji kaiwasha mapema, na huenda anaficha shida ya kuwaka. Moshi wa bluu usioisha maana yake inakula oili. Hapo bei ishuke sana, au achana nayo.

Kisha linganisha namba ya chesisi, iliyogongwa kwenye shingo ya usukani, na ile ya injini, na zilizoko kwenye kadi. Ikipishana hata tarakimu moja, ondoka. Zikiwa sawa, andikishaneni mkataba na mkabadili umiliki TRA.

Sasa kuiboresha. Wengi hukimbilia kukata eksozi, eti iongeze nguvu. Mara nyingi kinachoongezeka ni kelele tu. Mimi ningeanza na pedi za breki na matairi. Ukitoka Singida kwenda Nzega kuna mteremko wa Sekenke, una kona kali na malori, na pedi zilizoisha hazikusaidii kitu pale.

Ukitaka nguvu ya kupanda, mwambie fundi akuwekee sproketi ya nyuma yenye meno mawili matatu zaidi, na cheni mpya pamoja nayo. Mlima itapanda vizuri, ila kwenye tambarare spidi ya mwisho inapungua na injini inalia zaidi.