Kalamu Haitaki Nguvu

Mpe mtu anayeshinda kwenye kompyuta karatasi na peni, umwombe aandike barua ya ukurasa mmoja. Mistari mitatu ya kwanza itakwenda vizuri. Ukifika wa kumi, herufi zimeanza kulala, n na u hazitofautiani, na mwenyewe ameshaiweka peni mezani mara mbili ili akung'ute vidole. Akimaliza atakwambia mkono wake umedhoofika. Lakini mkono huohuo asubuhi ulibeba ndoo ya lita ishirini bila shida. Nguvu anazo. Tena anapoandika anatumia nyingi kupita kiasi, na hizo ndizo zinazomuumiza.

Ushahidi uko kwenye karatasi yake. Igeuze, pitisha ncha ya kidole upande wa nyuma. Ukikuta vinundu kama vya maandishi ya nukta nundu, ujue amekandamiza. Kisha tazama vidole vyenyewe akiwa anaandika. Kidole cha shahada kimebonyea kwenye kiungo cha mwisho na ukucha umekuwa mweupe. Gumba limevuka juu ya kalamu na kukifunga kile kidole cha shahada. Kidole cha kati kina alama nyekundu pale kalamu ilipolalia. Bega nalo limepanda karibu na sikio, na yeye hana habari.

Vidole havina misuli ya kuvikunja na kuvikunjua. Misuli hiyo iko kiganjani na kwenye kigasha, yaani kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, na ile ya kigasha huvivuta vidole kwa kano ndefu zinazopita kwenye kifundo. Ndiyo maana anayebana kalamu huumwa chini ya gumba na juu ya kigasha, mahali ambapo kalamu haijagusa. Mtu anapoandika kwa wepesi, misuli ya upande mmoja hukaza huku ya upande wa pili ikilegea, kisha hupokezana. Anapobana, pande zote mbili hukaza kwa pamoja na hazipumziki. Msuli uliokazwa muda mrefu haupati damu ya kutosha, na dakika chache zinatosha kuuchosha.

Sababu ya kubana iko kichwani. Mtoto wa darasa la kwanza huchora herufi: huanza juu, hushuka, husimama, hutazama, humalizia kikia. Baada ya miaka michache ya mwandiko na imla, ubongo huviunganisha vipande hivyo viwe mwendo mmoja, na neno zima hutoka bila kufikiriwa. Mwendo huo hauko kwenye vidole. Mwalimu anayeandika ubaoni kwa chaki hutumia zaidi bega na kiwiko, misuli isiyo ile anayotumia kusahihisha madaftari, lakini wanafunzi wake huutambua mwandiko wake pote pawili. Umbo la herufi limehifadhiwa ubongoni, na misuli ni watekelezaji tu. Wahenga walisema ujuzi hauzeeki, na kwa umbo la herufi walisema kweli. Kinachozeeka ni wepesi. Usipoandika kwa miaka, ule mwendo mmoja huvunjika tena kuwa vipande, nawe unarudi kuchora, macho yakiwa yameganda kwenye ncha ya kalamu.

Na anayechora kwa uangalifu hukaza. Watafiti wa Munich, Ujerumani, walilionyesha jambo hili katika miaka ya 1990. Watu wazima wenye mwandiko mwepesi walipotakiwa kuifuata kwa macho ncha ya kalamu, mwendo wao ulianza kukatikakatika. Hakuna kilichobadilika mkononi. Uangalifu peke yake ulitosha kuuvuruga.

Kibodi haiwezi kuutunza wepesi huo, kwa sababu kwake kila herufi ni pigo lilelile. A na M zinatofautiana kwa mahali zilipo, wala si kwa njia ambayo kidole kinapita. Mtu anaweza kuchapa kurasa mia kwa mwezi na asiupitie hata mara moja mwendo wa kuandika jina lake. Matokeo yake wengi huyaona benki, hundi inaporudishwa kwa kuwa saini ya leo haifanani na ile waliyoweka walipofungua akaunti.

Aina ya kalamu nayo ina mchango wake. Kalamu ya mwanzi, ambayo kwayo tenzi nyingi za pwani ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, huteremsha wino mara inapogusa karatasi. Peni ya kigololi, ambayo László Bíró aliisajili kama uvumbuzi wake mwaka 1938, ina wino mzito ambao hautoki mpaka kigololi kisukumwe kizunguke. Hivyo inadai isimamishwe na ikandamizwe kidogo. Mwenye mkono mwepesi hasumbuki nayo. Aliyekwisha kuanza kubana huzidi kubana.

Hata hivyo, waandishi wa zamani hawakuwa salama kwa kuwa tu waliandika kila siku. Mwaka 1713 daktari wa Kiitaliano Bernardino Ramazzini alieleza maradhi ya makarani, akataja sababu tatu: kukaa muda mrefu, mkono kurudia mwendo uleule bila kupumzika, na akili kubanwa na hofu ya kukosea. Alisimulia habari za karani mmoja ambaye mkono wa kulia ulikataa kabisa kuandika. Akajifunza kuandika kwa wa kushoto, na baada ya muda huo nao ukamfanyia vilevile. Hofu ya kukosea inamhusu pia mtu wa leo anayerudi kwenye kalamu baada ya miaka mingi, kwa sababu kila herufi anaiandika kama anayefanyiwa usaili.

Je, hasara yenyewe ni kubwa kiasi gani? Kwa mtu mzima anayesoma vizuri, si kubwa kama inavyovumishwa. Mwaka 2014 Pam Mueller na Daniel Oppenheimer walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wanafunzi walioandika notisi kwa mkono walijibu maswali ya kueleza dhana vizuri zaidi kuliko waliochapa. Waliourudia baadaye hawakuipata tofauti hiyo kwa uzito uleule. Kwa mtoto mambo ni mengine. Mwaka 2012 Karin James wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, pamoja na mwenzake, walipima ubongo wa watoto ambao hawajajua kusoma. Watoto walipotazama herufi walizojifunza kwa kuziandika wenyewe, sehemu za ubongo zinazotumika katika kusoma ziliamka. Zile walizojifunza kwa kubonyeza kibodi au kufuatisha nukta hazikuleta matokeo hayo. Kwa hiyo mzazi anayemnunulia mtoto wa chekechea tableti asiifanye sababu ya kuficha penseli.

Kuna na kundi la tatu, nalo ndilo ninaloliandikia hasa: watahiniwa. Tanzania na Kenya, insha ya mtihani wa Kidato cha Nne bado huandikwa kwa mkono. Mtahiniwa wa kujitegemea aliyeajiriwa ofisini, ambaye mwaka mzima amejisomea kwenye simu, anaingia kwenye chumba cha mtihani kwa saa tatu na mkono ambao haujaandika hata dakika kumi mfululizo. Tatizo hili halipo kwetu tu. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Cambridge kilianza kufikiria kuruhusu majibu ya kuchapa, baada ya wahadhiri kulalamika kwamba miandiko haisomeki. Sisi ambao bado tunaandika, dawa yetu ni mazoezi, ila yawe mazoezi yanayofaa.

Kwanza, acha kukamua mpira ili kuimarisha mkono. Kukamua ndiko unakozidisha tayari. Kaa miguu yote miwili ikiwa sakafuni na kigasha kikiwa juu ya meza. Anayetumia mkono wa kulia aiinamishe karatasi kidogo kushoto, wa kushoto aiinamishe kulia, na mkono mwingine uishikilie. Chukua penseli laini au peni ambayo wino wake unateremka bila kukandamizwa. Ishike kama sentimita mbili au tatu juu ya ncha, kwa ulegevu ambao mtu akiivuta itachomoka. Ikikataa kulegea, jaribu kuipitisha kati ya kidole cha shahada na cha kati. Mshiko huo unalipunguzia gumba kazi.

Halafu chukua gazeti kuukuu ujaze mizunguko mikubwa inayofuatana, kigasha kikiteleza juu ya meza, bila kuikodolea macho ncha. Usitafute uzuri. Unachotafuta ni mwendo usiokatika. Mizunguko ikishakuwa laini, ingia kwenye maneno unayoyajua mno, kama jina lako au la mtaa wako, kisha sentensi. Dakika tano kila siku zinafaa kuliko saa moja ya Jumamosi. Acha kabla ya maumivu, kwa sababu ubongo unaofunzwa huku mkono unauma hujifunza kubana.

Ziko dalili ambazo mazoezi hayazitibu. Ganzi kwenye gumba, kidole cha shahada na cha kati inayokuamsha usiku huashiria mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kifundo. Vidole vinavyojikunja vyenyewe mara tu ushikapo kalamu, huku kula na kufunga vifungo ukifanya bila shida, huenda ni ugonjwa wa mwendo unaohitaji daktari wa mishipa ya fahamu. Herufi zinazozidi kuwa ndogo kadiri mstari unavyoendelea, pamoja na mwili kuwa mzito na mkono kutetemeka, huweza kuwa dalili ya ugonjwa wa Parkinson. Na mkono ukishindwa kuandika ghafla, uso ukipinda au maneno yakikwama, hicho huenda ni kiharusi: nenda hospitali saa hiyohiyo.

Kwa mtahiniwa mzima wa afya, wiki chache kabla ya mtihani achukue mitihani iliyopita aijibu kwa muda kamili, akitumia peni ileile atakayoingia nayo. Na shule zinazofundishia kwa tableti zisisubiri muhula wa mwisho ndipo ziwape wanafunzi insha ya kurasa tatu waiandike kwa mkono. Swali ambalo mwanafunzi anajua jibu lake, kisha akalikatiza kwa kuwa vidole vinauma, humkosesha alama sawasawa na swali asilolijua.