Reli ya Voi–Taveta: je, yaweza kuwa njia ya miguu na baisikeli?

Mkazi wa Mwatate anayekwenda Voi kwa baisikeli hana budi kugawana lami na malori yatokayo mpakani Taveta. Si mbali na barabara hiyo imelala reli ambayo treni ya abiria haijaipita kwa miaka mingi. Vichaka vimeota katikati ya mataruma, na mbuzi ndio wasafiri wake wa kila siku. Ndiyo maana swali hili hurudi kila mara: kwa nini reli hii isigeuzwe kuwa njia ya kutembea na kuendesha baisikeli?

Makala hii haitangazi mradi. Inaeleza kinachohitajika, mwenye mamlaka ni nani, na kwa nini kazi ya kwanza si kumwaga saruji wala kuweka viti vya kupumzikia, bali kuhakikisha kwamba ardhi iliyopitiwa na reli haikatwi vipande.

Reli yenyewe ilijengwa kwa haraka ya vita. Wajerumani walikuwa wameiteka Taveta mwaka 1914, na jeshi la Uingereza halikuweza kuwalisha wala kuwanywesha askari wake nyikani bila treni. Mapema mwaka 1915 likaanza kutandaza reli kutoka Voi kuelekea magharibi, na kufikia katikati ya mwaka huo reli ilikuwa Maktau. Baada ya mapigano ya Salaita na Latema-Reata, Februari na Machi 1916, ilifika Taveta, kisha ikaunganishwa na reli ya Tanga–Moshi pale Kahe. Kutoka Voi hadi Taveta ni kilomita 110 hivi. Makaburi ya askari wa vita hivyo yangali yanatunzwa Voi, Maktau na Taveta, na wageni huja kuyatafuta pamoja na mahandaki ya kale. Wengi wao hufika kwa gari, wakapiga picha, wakaondoka bila kununua hata chupa ya maji kwa mwenyeji.

Reli hufaa kwa baisikeli kwa sababu ya udhaifu wa treni: treni haiwezi kupanda mlima mkali. Wahandisi walilazimika kuchimba na kujaza udongo ili mteremko uwe wa taratibu, na kwa kawaida reli haipandi zaidi ya mita 2 kwa kila mita 100. Kona zake ni pana. Anayesukuma baisikeli yenye mitungi mitatu ya maji anajua tofauti hiyo magotini. Vivyo hivyo mzee mwenye mkongojo, mtoto wa shule na mtu anayetumia kiti cha magurudumu. Tuta lipo, kalvati zipo, madaraja yapo. Gharama kubwa ya kupasua njia ililipwa zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Lakini reli hii si mali ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaziweka reli chini ya Serikali ya Kitaifa, na ardhi yake husimamiwa na Shirika la Reli la Kenya, lililoundwa mwaka 1978 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule kuvunjika. Kaunti imepewa barabara za kaunti, bustani za umma na maeneo ya burudani. Kwa hiyo serikali ya kaunti haiwezi kuamka asubuhi moja ikang'oa chuma na kumwaga changarawe. Inahitaji makubaliano ya maandishi na Shirika. Kifungu cha 187 cha Katiba kinaruhusu ngazi moja ya serikali kukabidhi jukumu kwa nyingine, na Sheria ya Mahusiano ya Serikali ya mwaka 2012 inaeleza utaratibu wake.

Hapa ndipo wengi husema: basi tusubiri treni irudi. Kufufua reli hii kumezungumzwa mara nyingi, na hakuna anayetaka njia ya baisikeli iwe kikwazo. Marekani ilikutana na tatizo hilohilo. Mwaka 1983 Bunge lao lilipitisha kipengele kinachoruhusu reli isiyotumika kuwekwa akiba: umma unaitumia kama njia ya miguu, lakini ardhi inabaki mzima, na siku treni ikihitajika njia inarudishwa. Kwa mpango huo Jimbo la Missouri lilipata Katy Trail, yenye urefu wa kilomita 386 hivi. Haikuwa rahisi. Wenye mashamba yaliyopakana nayo walikwenda mahakamani wakidai ardhi irudi kwao.

Si lazima hata chuma king'olewe kila mahali. Kati ya Bristol na Bath nchini Uingereza, njia ya kilomita 21 ilijengwa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea kati ya 1979 na 1986. Sehemu moja yake, pale Bitton, treni ya mvuke ya kitalii hupita sambamba na waendesha baisikeli.

Mfano ulio karibu zaidi na hali yetu ni wa New Zealand. Reli ya Otago, inayopita katika nyika kavu yenye miji midogo, ilifungwa mwaka 1990 kati ya Middlemarch na Clyde. Mwaka 2000 ilifunguliwa kama njia ya baisikeli ya kilomita 152. Wageni huiendesha kwa siku kadhaa, kwa hiyo hulala, hula na kutengeneza matairi kwa wenyeji njiani. Mtu wa gari hupita Bura kwa dakika mbili. Mtu wa baisikeli hufika Bura akiwa na njaa.

Tuseme wazi jambo moja ambalo ramani nzuri huficha. Magharibi ya Maktau reli inakatiza Hifadhi ya Tsavo Magharibi, na ndovu hawasomi mipaka: huzunguka hata kwenye ranchi zilizo nje ya hifadhi. Kumwalika mtu atembee humo kwa miguu ni kumhatarisha. Kwa maoni ya mwandishi huyu, sehemu inayostahili kufikiriwa kwanza ni Voi hadi Mwatate, pengine hadi Bura, palipo na makazi, shule na masoko. Hata huko Shirika la Wanyamapori, KWS, lazima lishauriwe kuhusu mapito ya ndovu, na tathmini ya mazingira ifanywe kwa mujibu wa sheria.

Halafu kuna mambo madogo yanayoua miradi mikubwa. Kalvati iliyoziba hukata tuta katika msimu mmoja wa mvua. Bodaboda wataigeuza njia ya mkato usipowekwa vizuizi vinavyopitisha baisikeli na kiti cha magurudumu lakini si pikipiki. Wafugaji wanahitaji mahali pa kuvusha mifugo. Na nani atafyeka vichaka mwaka wa tatu, picha za ufunguzi zikishasahaulika? Bajeti isiyojibu swali hilo haijakamilika.

Wakati huo huo reli inaliwa. Kila taruma linalong'olewa na kuuzwa kama chuma chakavu, na kila kibanda kinachojengwa juu ya tuta, huongeza gharama ya treni na ya njia ya baisikeli kwa pamoja. Mwezi Januari 2022 Serikali ilisimamisha biashara ya chuma chakavu nchini kwa miezi kadhaa kutokana na uharibifu wa miundombinu. Mkazi akiona reli inang'olewa, apige ripoti kwa chifu au kituo cha polisi kilicho karibu. Aliyejenga ndani ya ardhi ya reli, au aliyeuziwa ploti humo, afahamu kwamba ardhi ya umma haihami kwa karatasi ya mauziano ya watu wawili.

Wanaotaka jambo hili lizungumzwe rasmi wana mlango. Kila mwaka kaunti hutayarisha Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ambao Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka ufikishwe katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Pendekezo linalokuja Oktoba husubiri mwaka mwingine. Maoni yanaweza kutolewa katika vikao vya ushirikishwaji wa umma, au kuandikwa na kuwasilishwa kupitia ofisi ya msimamizi wa wadi. Andika sehemu hasa unayoizungumzia, kutoka kituo gani hadi kituo gani, nani wataitumia, na wapi reli imekatika au imejengewa.