Utangulizi: Daftari Linapohama

Kutoka kilima cha Nyamitanga unauona mji wa Mbarara ng'ambo ya mto Rwizi, na ukishika njia ya Isingiro utafika Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa mwaka 1958. Mfano wangu wa kwanza, daftari la usajili wa wakimbizi, unatoka huko, maana watu wa Nakivale hawahitaji kufundishwa kwamba kuhama si kubeba mizigo tu. Fundi wa kompyuta mara nyingi anahitaji.

Mwanafunzi mpya huniuliza: kuhamisha data, kwani si kukopi? Unachomeka diski mpya, unakopi, unaenda kunywa chai. Kwa picha za harusi, sawa. Lakini hifadhidata inayotumika hailali. Karani anapomsajili mtoto mchanga, programu huandika kwanza kwenye faili la kumbukumbu, na baadaye ndipo huandika kwenye faili kuu. Ukinakili moja saa nne na jingine saa sita, utafika na mafaili mawili yasiyojuana. Kwa hiyo hifadhidata husimamishwa kwanza, au nakala hutolewa na programu ya hifadhidata yenyewe, ambayo inajua ilipofika.

Halafu kuna undugu. Ndani ya daftari la namna hii mtoto hakai mstari mmoja na mama yake. Ana jedwali lake, na kinachowaunganisha ni namba ya familia. Namba hiyo ikipotea njiani, rekodi ya mtoto inabaki haina pa kushika. Mafundi wa dunia nzima huiita rekodi yatima. Sikulibuni neno hilo, na katika makazi ya wakimbizi sipendi kulitamka kwa sauti.

Muda nao una hesabu yake. Terabaiti moja, kwa diski ya kuzunguka inayosoma megabaiti 150 kwa sekunde, huchukua karibu saa mbili. Pitisha mzigo huohuo kwenye tundu la zamani la USB 2, lenye megabaiti kama 35 kwa sekunde, na umejipatia kazi ya saa nane. Saa nane bila umeme kukatika! Panga kabla, na betri iwe imejaa.

Mzigo ukifika, programu hupiga hesabu ya kila faili pande zote mbili na kutoa alama. Ile ya SHA-256 ina tarakimu na herufi 64. Alama zikilingana, nakala ni sahihi. Sahihi, nasema, sikusema kweli. Hapo ndipo fani hii inaponivutia zaidi.

Kuanzia Machi hadi Oktoba 2018, Ofisi ya Waziri Mkuu ya Uganda pamoja na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, waliwahakiki wakimbizi nchi nzima kwa alama za vidole na mboni za macho, huku usajili ukitoka kwenye mfumo wa serikali ulioitwa RIMS na kuingia proGres, mfumo wa UNHCR. Daftari la zamani lilikuwa na watu kama milioni 1.4. Waliofika mbele ya meza na kuhakikiwa walikuwa takribani milioni 1.1. Kama kazi ingekuwa kubadili diski peke yake, hayo majina laki tatu yangehama salama salama, bila baiti hata moja kukosewa.

Basi sura ya kwanza haigusi waya. Inaanza kwa kuhesabu: majedwali mangapi, kila moja lina mistari mingapi, na rekodi ngapi zilikwisha kuwa yatima kabla hatujaanza safari. Andika majibu kwenye karatasi, kwa kalamu. Na diski ya zamani usiifute. Iweke kabatini, tutaihitaji katika sura ya tisa.