MLANGO WA HIFADHIDATA USIACHWE WAZI

Askari wa zamu haachi ghala la silaha bila kufuli. Lakini ofisi nyingi ndogo huacha wazi hifadhidata zao, yaani kumbukumbu za mishahara, wateja au wagonjwa zilizomo katika kompyuta.

Mwezi wa Januari 2017, wadukuzi walipekua intaneti wakakuta maelfu ya hifadhidata za MongoDB zisizo na neno la siri. Hawakuvunja kitu, waliingia tu. Walifuta kumbukumbu, wakaacha ujumbe wa kudai malipo ya bitcoin ili wazirudishe. Baadhi ya waliolipa hawakurudishiwa chochote.

Yampasa basi mkuu wa ofisi kuhakikisha mambo manne. Kwanza, hifadhidata ifikiwe na kompyuta za ofisi pekee, si na kila aliye kwenye intaneti. Pili, kila mtumishi awe na neno lake la siri, refu, wala asimpe mwenzake. Tatu, marekebisho ya programu yawekwe mara yanapotolewa. Nne, nakala ifanywe kila siku, itunzwe mbali na kompyuta hiyo, na ijaribiwe kama inafunguka.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kumbukumbu zilizofutwa bila nakala hazina fundi wa kuzijenga upya.