Cheza duka na mwanao, Kiingereza kitanyooka

Huenda jambo hili limekwisha kukufika, msomaji. Umemtuma mwanao dukani naye, kwa kuwa shuleni wameagizwa wazungumze Kiingereza, akajikakamua mbele ya foleni na kusema, "Two breads and three soaps, please." Kijana aliyesimama nyuma yake akaangua kicheko. Tangu siku hiyo, ukimsemesha mtoto Kiingereza hukujibu kwa kutikisa kichwa.

Kosa lenyewe ni dogo na hurekebishika kwa muda mfupi. Kimya kile ndicho kigumu kutibu, nami nakijua. Katika mahojiano yangu ya kwanza ya kazi nilitamka "furnitures", mmoja wa wakubwa akatabasamu, na maswali yote yaliyofuata nikayajibu kwa neno moja moja. Kazi sikuipata.

Kabla ya kumlaumu mtoto, tazama anakotoka. Kwa Kiswahili twasema mkate mmoja, mikate miwili, mzigo mmoja, mizigo mitatu, kifaa, vifaa, unywele, nywele. Hata maji na maziwa twayaita "haya", kana kwamba ni mengi. Mtoto anayesema "luggages", "equipments" na "my hairs" anafuata kanuni aliyoinyonya nyumbani. Bahati mbaya Mwingereza hahesabu vitu hivyo.

Njia rahisi ya kumweleza ni kumpeleka sokoni. Mama anayeuza mahindi hahesabu punje, huhesabu gorogoro. Basi Mwingereza huuchukulia mkate jinsi sisi tunavyouchukulia unga, hauhesabiki mpaka uupatie kipimo chake. Ndipo husema "two loaves of bread", "three bars of soap", "a packet of milk". Hata ushauri ameukatia kipande: "a piece of advice".

Lakini maelezo yakikomea ubaoni hayafiki ulimini. Mtihani wa KCPE, uliofanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023, ulikuwa wa maandishi matupu. Mtoto aliweza kuchagua jibu sahihi kwa penseli, kisha akasema "informations" kabla hajavuka mlango wa darasa. Ulimi hufunzwa kwa kusema, na watoto husema sana wanapocheza.

Anza na duka. Kusanya pakiti tupu za unga, maziwa, chumvi na majani ya chai. Mawe madogo yawe mayai, vifuniko vya soda viwe pesa. Mteja aulize kwanza, "How much rice do you have?" au "How many eggs do you have?" kisha aagize. Akisema "two rices", muuzaji asicheke wala asimsahihishe. Ajibu tu, "Sorry, we don't have that." Hapo ndipo penye utamu. Mteja atakuna kichwa, wenzake watamnong'oneza, na mara utamsikia, "Two packets of rice!" Auziwe mara moja, halafu wabadilishane nafasi.

Wewe mwalimu mwenye wanafunzi 60, fanya kila dawati kibanda. Nusu wauze, nusu wanunue, na baada ya dakika 5 wageuze. Kelele hazitakosa, kwa hivyo mwombe radhi mapema mwalimu wa darasa jirani. Zunguka ukiandika makosa pasipo majina ya waliokosea, uyasome mwishoni darasa zima liyarekebishe.

Jiandae pia kwa ubishi. Kuna mtoto atakayeuliza mbona pesa huhesabiwa kutwa, na "money" eti haihesabiki. Swali zuri. Mwonyeshe kwamba tunachohesabu ni shilingi: "How many shillings?" lakini "How much money?"

Mkiwa kwenye matatu na msongamano wa magari umewakwamisha, chezeni mnyororo. Wa kwanza husema, "Yesterday I went to Marikiti and I bought some rice." Wa pili hurudia na kuongeza, "some rice and five mangoes." Anayesahau au kukosea huuanza upya. Hauhitaji chochote ila masikio.

Wakubwa kidogo watapenda mchezo wa kuchora, maana Kiingereza kina maneno yenye sura mbili. Mmoja hutamka sentensi, wengine huchora walichosikia. Wajaribu na "There is chicken on the table", kisha "There is a chicken on the table". Kwa ile ya kwanza watachora kitoweo ndani ya sahani. Kwa ya pili, kuku mzima mwenye manyoya yake, amesimama mezani akidonoa ugali wenu.