Maana Mpya za Maneno ya Mkopo: Mifano kutoka Morogoro na Milima ya Uluguru

1.0 Utangulizi

Lugha inapokopa neno, hukopa umbo lake pamoja na sehemu tu ya maana yake. Sehemu inayobaki hujazwa na jamii inayokopa. Wataalamu wa Kijapani wameonyesha jambo hili kwa mifano mingi. Neno manshon, ambalo katika Kiingereza ni jumba la kifahari, kwa Wajapani ni makazi ya kawaida katika jengo la ghorofa; na sumaato, ambalo asili yake ni unadhifu au werevu, husemwa juu ya mtu mwembamba. Mifano kama hii hutajwa mara kwa mara kana kwamba ni kioja cha Kijapani peke yake. Makala haya yanadai kuwa Kiswahili nacho kimefanya hivyo, tena kwa utaratibu unaoelezeka. Mifano mikuu imetolewa Morogoro, mji ulio chini ya Milima ya Uluguru, ambako reli, mashamba ya mkonge na muziki wa dansi vilikutanisha wasemaji wa lugha nyingi. Ieleweke tangu mwanzo kwamba istilahi "kosa", ambayo walimu wengi huipenda wanapokutana na maneno haya, haina kazi katika uchambuzi huu.

2.0 Jazi na kilabu

Mfano ulio wazi ni jazi. Msikilizaji wa Marekani atakayetafuta muziki wa New Orleans katika nyimbo za Morogoro Jazz Band hataupata. Atakachokuta ni magitaa yanayojibizana, mapigo yenye asili ya rumba ya Kuba, na maneno ya Kiswahili. Katika Afrika ya Mashariki na Kati neno hili lilikuja kumaanisha bendi ya dansi yenye ala za kisasa. Ndivyo lilivyotumika katika majina ya Dar es Salaam Jazz, Tabora Jazz na Western Jazz, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika katika African Jazz ya Joseph Kabasele na OK Jazz iliyoanzishwa mwaka 1956. Maana ilihama kutoka mtindo wa muziki hadi kundi la wanamuziki na hadhi yake: kujiita jazi kulikuwa kutangaza kwamba kundi ni la mjini, na kwamba linalopigwa ni dansi wala si ngoma. Mwaka 1970 Mbaraka Mwinshehe na bendi hiyo walikwenda kupiga katika maonyesho ya Expo 70 mjini Osaka. Neno la Wamarekani likafika Japani likiwa na maana ya Morogoro.

Kilabu ni mfano wa aina nyingine, kwani hapa umbo ndilo lililotangulia kubadilika. Ili kuvunja mfuatano wa konsonanti, irabu /i/ ilichopekwa. Silabi ki- iliyopatikana ikachukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli, na wingi ukawa vilabu. Baadaye maumbo mawili yaligawana kazi. Mtibwa Sugar ya Turiani, iliyotwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1999 na 2000, ni klabu; mahali panapouzwa pombe ya kienyeji kijijini ni kilabu. Lakini mgawanyo huo haukukamilika, kwa sababu magazeti huandika "klabu hiyo" katika umoja na "vilabu hivyo" katika wingi. Kimaana, kilabu kimehifadhi dhana ya kukutana na kunywa, kikaacha uanachama. Anayeingia hahitaji kadi, bali bei ya kinywaji.

Gauni halihitaji maneno mengi: limepanuka kutoka vazi la heshima hadi nguo yoyote ya kike ya kipande kimoja. Inafaa kukumbusha tu kwamba vazi la mahafali ya chuo kikuu, ambalo Waingereza huliita kwa neno hilo hilo, kwa Kiswahili ni joho.

3.0 Manamba

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na mashamba ya mkonge yakaenea kandokando yake, Ngerengere, Kimamba na Kilosa. Wafanyakazi wengi wa mkataba walitolewa mbali: Ubena, Uha, Burundi na Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya kuwakusanya, iliyojulikana kama SILABU. Kila aliyeandikishwa alipewa namba, na namba hiyo ikawa jina la watu wenyewe.

Njia hiyo ya taashira haikuwa mpya. Kibarua, neno lenye asili ya Kiarabu, lilikwisha kuhama kutoka karatasi ndogo hadi mtu aliyeishika. Kiingereza kilileta umbo; njia ya maana ilikuwa imekwisha kuchongwa na Kiswahili.

Kisarufi, kiambishi ma- peke yake hakibebi dharau, kwani kimo pia katika mabwana na mahakimu. Tofauti iko katika umoja. Bwana mmoja huwa mabwana. Lakini hakuna asemaye "namba mmoja amekuja". Husemwa "manamba mmoja". Namba imebaki kwa tarakimu, na mtu hata akiwa peke yake huitwa kwa umbo la wingi.

Kamusi inayotaja tu kwamba neno hili asili yake ni Kiingereza haimsaidii msomaji. Kwa msemaji wa Nairobi manamba ni mpigadebe wa matatu, na akisoma masimulizi ya mashamba ya Kilosa kwa maana hiyo atapotea. Nchini Tanzania kuandikishwa kwa mkataba wa namna ile kumekwisha, lakini neno halikufa. Husikika katika mijadala ya ardhi, mwanakijiji anaposema kwamba hataki kuwa manamba katika shamba la babu yake.